Kabla hujachomeka mkoko, uliza kwa nini hapo hakuna mkoko

Kila ikikaribia tarehe 26 Julai, siku ya kimataifa ya mikoko, simu yangu hujaa picha: watu wamevaa fulana mpya, tope limewafika magotini, kila mmoja ameshika mche na anatabasamu. Picha ni nzuri na waliomo ni watu wa nia njema. Mimi mwenyewe nimo kwenye kadhaa. Ninachotaka kusimulia ni yale yanayotokea miezi sita baadaye, mpiga picha akiwa ameshaondoka, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyetueleza tulipoanza.

Naishi kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Tanga, na ni katibu wa kikundi cha mazingira tangu kilipoundwa. Kikundi chenyewe ni mchanganyiko: wavuvi wadogo, kina mama wanaookota kombe za baharini na kukaanga samaki, vijana wasio na shughuli maalumu, na wazee wawili watatu waliokuwa wakikata boriti enzi zao. Tulikuwa na sehemu mbili zisizo na miti. Ya kwanza ni uwanja wa tope ulio mbele ya mikoko, unaotazama bahari. Ya pili iko nyuma, upande wa nchi kavu: ardhi ngumu yenye ukoko mweupe wa chumvi, mabaki ya majaruba ya chumvi yaliyoachwa, yale madimbwi ya kukaushia maji ya bahari. Mfadhili alipokuja alikuwa na swali moja tu, mtapanda miche mingapi? Mkataba ulilipa kwa idadi, shilingi 300 kwa kila mche uliosimama siku ya kuhesabu, na siku ya kuhesabu ilikuwa wiki moja baada ya kupanda.

Tukachagua mbele. Nyuma kulikuwa kugumu, jua kali, hakuna mashua inayofika. Mbele tope lilikuwa laini na wageni wangeshuka moja kwa moja kutoka majini.

Aina tuliyopanda ilikuwa moja, mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda juu ya tope. Sababu ni urahisi. Mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ikarefuka hadi nusu mita, wakati mwingine zaidi, ndipo ikadondoka. Haihitaji kitalu, haihitaji mbolea wala kumwagiliwa. Unaisukuma kwenye tope na kazi imekwisha. Mtu aliyezoea anachomeka mamia ndani ya kupwa moja, maji yakiwa yametoka. Unapolipwa kwa idadi, hutatafuta mti mwingine.

Siku ya pili alipita mzee mmoja mwenye wando, mtego wa samaki wa fito, hapo horini, kwenye mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama anatutazama. Kisha akauliza, "Mnafanya nini hapo, mwanangu?" Nikamwambia tunapanda mikoko, babu. Akasema, "Hamjapanda, mmechomeka. Mimi nimezaliwa hapa na baba yangu kazaliwa hapa, hapo hapajawahi kusimama mti. Bahari ingekuwa inataka, ingepanda yenyewe." Vijana walicheka. Mzee naye akacheka, akaenda kutazama samaki wake.

Bamvua ya kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, iliondoka na mistari mizima. Tukarudishia. Upepo wa kusi ulipoanza, mawimbi yakawa yanaitikisa iliyobaki usiku na mchana. Ile iliyovumilia ikaota magamba meupe makali, yale yale yanayong'ang'ania mkuku wa mashua, mpaka mche ukalala kwa uzito. Mwani nao ukajizungusha kwenye vijiti na kuvivuta chini. Kaskazi ilipoingia, iliyobaki ungeweza kuihesabu ukiwa umesimama mahali pamoja.

Kwenye karatasi tulifaulu, maana tulishahesabiwa. Fedha iliingia, ikalipa mafuta ya mashua, chakula na posho, ikaisha. Kilichobaki ni ugomvi. Kina mama walikuwa wameacha kombe zao siku za bamvua, siku ambazo ndizo za kuokota, kwa ahadi kwamba mikoko italeta kaa na kamba. Mmoja aliniambia mbele ya mkutano, "Katibu, siku nikikosa kombe, watoto hawali picha." Sikuwa na jibu. Nilienda nyumbani nikakaa siku kadhaa bila kuitisha kikao.

Kuna hasara nyingine iliyokuja kuonekana baadaye. Sehemu ya chini ya uwanja ule haikuwa tope tupu, ilikuwa na nyasi bahari. Tulizikanyaga kwa wiki nzima na kuzichomekea vijiti. Ndipo samaki aina ya tasi wanapokula. Tulikuwa tunaharibu shamba moja ili tupande jingine lisiloota.

Aliyetufungua macho ni kijana wa chuo kikuu aliyekuja kwa utafiti wake wa kaa, akapanga chumba kijijini. Hakutoa semina. Alichofanya ni kuchomeka vijiti kwa mstari, kuanzia kwenye maji ya kupwa hadi karibu na minazi, akavipaka chaki ya shule. Maji yakijaa yanafuta chaki mpaka pale yalipofika; yakitoka unasoma urefu. Tulifanya hivyo kwa mzunguko mzima wa mwezi, bamvua na maji mafu, zile siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo tofauti ya kimo cha goti kwenye tope ni tofauti ya saa kadhaa chini ya maji.

Kutoka kwenye vijiti vile nilielewa jambo ambalo shuleni sikulielewa. Shuleni ikolojia ilikuwa mchoro: nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe, mishale katikati, alama tano za mtihani. Hapa ilikuwa ni mti na pumzi yake. Tope la kokoni, yaani ndani ya msitu wa mikoko, halina hewa. Ndiyo maana ukilichimba linanuka yai viza. Mkoko huvuta hewa kupitia vitundu vilivyo kwenye mizizi yake ya juu, wakati maji yametoka. Ukiupanda mahali ambapo maji hayatoki vya kutosha, unakosa hewa na kufa taratibu, hata kama chumvi, tope na jua vyote vinaufaa. Kila kiumbe kina mambo kadhaa yanayokiweka hai, na lile moja lililopungua kupita kiasi ndilo linaloamua, mengine yawe mazuri vipi. Mikoko karibu yote huishi kati ya usawa wa wastani wa bahari na mstari wa bamvua kubwa. Uwanja wetu wa tope ulikuwa chini ya hapo. Mzee wa wando alikuwa anajua hivyo bila chaki.

Kisha tukaitazama mikoko iliyokuwepo, ambayo tulikuwa tunapita katikati yake kila siku. Mbele kabisa, inakopigwa na mawimbi, imesimama mililana. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule tuliochomeka. Kisha muia, na mkandaa, ambao magome yake wazee waliyatumia kupaka nyavu rangi. Mwisho kabisa, kwenye ardhi inayofikiwa na maji kwa nadra, kuna mchu, ambao pia unaweza kuukuta mbele na mililana. Kila mti una kimo chake na namna yake ya kuishi na chumvi. Mchu huinywa halafu huitoa kupitia majani. Lamba jani lake asubuhi utaonja. Mkoko huikataa huko huko mizizini. Hawa hawajajipanga kwa bahati. Wamepangwa na maji, chumvi, mawimbi, kivuli cha jirani, na kaa.

Kaa wana habari yao. Sisi tuliwaona maadui, kwa sababu wanakata miche michanga na kula mbegu. Mwenzetu mmoja alishauri tumwage dawa ya nyanya kwenye mashimo. Namshukuru Mungu fedha zilikuwa zimeisha. Yule kijana alituchukua wakati wa kupwa, akatukalisha kimya kwenye mizizi, tukatazama. Jani la mkoko likidondoka halikai. Kaa mdogo mwenye makucha mekundu anatoka, analiburuta hadi shimoni. Lisipoburutwa, konokono wa kokoni wanalikusanyikia. Lisiloliwa huchukuliwa na maji. Kwa hiyo kaa ndio wanaolizuia jani lisiende baharini. Wanalila, kinyesi chao kinaliwa na vidudu, vidudu vinaliwa na kamba wachanga, na kamba wakishakua wanatoka kwenda kwenye nyavu. Tena mashimo yao huingiza hewa chini na kuruhusu maji kusafisha chumvi iliyojikusanya kwenye tope. Mama mmoja anayeuza kamba aliuliza, "Kwa hiyo hawa ndio wanaonilishia?" Habari ya dawa ikafa hapo hapo.

Huu si ugonjwa wa kijiji chetu peke yake. Ufilipino walichomeka mikoko ya aina moja kwenye tope la mbele kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ilikufa. Sri Lanka, baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha zilimiminika na miche ikapandwa haraka, mingi mahali pasipofaa, na maeneo kadhaa hayakubakiwa na mche hata mmoja. Sababu ni zile zile: sehemu ya mbele haina mwenyewe wa kugombana naye, na idadi ya miche ni rahisi kuandika kwenye ripoti.

Ndipo tukageukia nyuma, kule kweupe. Wazee walisema kabla ya majaruba kulikuwa na mikoko. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa: mahali palipowahi kuwa na mti kuna uwezekano, kama ukiondoa kilichoufukuza. Tukaenda na kijana wa chuo na kipimo chake cha chumvi. Tulichimba shimo la kina cha kiwiko, tukangoja maji yachuruzike, akapima. Yalikuwa na chumvi zaidi ya mara mbili ya bahari. Mchu ni mvumilivu kuliko miti yote ya kokoni, lakini mbegu yake haianzi maisha kwenye maji ya namna hiyo.

Chumvi ilitoka wapi, wakati majaruba yameachwa miaka mingi? Jibu lilikuwa tuta. Tuta la zamani lilikuwa bado limesimama. Maji yalilivuka kwa bamvua kubwa tu, yakaingia, yakashindwa kutoka, yakakauka kwa jua, yakaacha chumvi. Bamvua nyingine, chumvi nyingine. Na kwa nje ya tuta tulikuta kitu ambacho tungekiona mapema kama tungetembea: mbegu za mchu zimerundikana kwa mstari mrefu, nyingine zimeanza kutoa mizizi, zote zimekwama kwenye ukuta. Bahari ilikuwa inaleta mbegu bure kila masika. Zilikuwa zinagonga mlango uliofungwa.

Hivyo kazi haikuwa kupanda. Kazi ilikuwa kukata tuta, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Ukitaka kupanda miche, kila ofisi inakupongeza. Ukitaka kuchimba, kila ofisi inakuuliza wewe ni nani. Misitu ya mikoko Tanzania ni hifadhi kisheria, eneo lilikuwa na mwenye leseni ya zamani ya chumvi, na serikali ya kijiji iliogopa lawama. Tulizunguka ofisi ya kijiji, kata, wilaya na misitu kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotuchukua. Nauli, karatasi, chapa, chai za vikao: hizo ndizo zilizotumaliza, na hakuna bajeti ya mfadhili yenye mstari wa nauli za katibu. Nililipa mfukoni, na nyumbani tuligombana kwa sababu hiyo. Ukianzisha kazi ya namna hii, andika fedha za ruhusa kwanza, kabla ya majembe. Na usichimbe bila karatasi hata kama kijiji kizima kinakuunga mkono.

Tulipopata kibali, wazee walituonyesha hori la zamani lilikopita kabla ya tuta kujengwa. Hilo ni la muhimu sana. Vijana walitaka kukata pale tuta lilipokuwa jembamba, kazi iwe nyepesi. Maji yana njia zake za zamani, na ukiyafungulia njia mpya yanaweza kumomonyoa badala ya kutiririka. Tulikata sehemu mbili, zote kwenye mkondo wa zamani, bila kuchimba chini ya kimo cha mkondo wenyewe. Kazi ilifanywa kwa majembe na ndoo.

Kisha hakikutokea kitu. Maji yaliingia na kutoka, ardhi ikawa matope yenye harufu, na watu wakapita wakituuliza kama hilo ndilo shamba letu. Kule mbele angalau palikuwa na vijiti vya kuonyesha. Kipindi hiki ndicho kilichonichosha kuliko kufa kwa miche, kwa sababu mtu aliyepanda ana cha kumwagilia, ana cha kuhesabu. Sisi tulikuwa na kungoja tu.

Cha kwanza kuja hakikuwa mti. Yalikuja majani manene yanayotambaa, yenye maua madogo ya zambarau, yale yanayoota pwani nzima na hakuna anayeyajali. Wenzetu wawili walianza kuyang'oa wakidhani ni magugu. Tuliwazuia kwa wakati. Majani yale hufunika ardhi, hupunguza joto, na hunasa mbegu zinazoelea. Mchu wa kwanza ulichipua katikati yake. Mbegu ya mchu ni ndogo na nyepesi, inahitaji siku chache bila kusombwa ili ishike mzizi, na kule juu maji mafu huipa siku hizo: kati ya bamvua moja na nyingine maji hayafiki. Mbele, kwenye uwanja wetu wa picha, siku hizo hazipo kabisa.

Adui aliyefuata alikuwa mbuzi. Mbuzi anaupenda mchu mchanga kupita kiasi, na wenye mbuzi ni ndugu zetu. Uzio ulitushinda kwa gharama, tukaishia kwenye sheria ndogo ya kijiji na maneno mengi msikitini na sokoni. Inafanya kazi siku nyingi, si zote.

Sisemi kupanda ni kosa. Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, na sehemu nyingine hazikurudi zenyewe. Ilibidi wapande, kuanzia miaka ya 1990, na ikaota. Leo wanakijiji wa huko wana mradi, Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unaolipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko inaihifadhi. Ukiona ardhi ina kimo sawa, maji yanaingia na kutoka, lakini miti mama imeisha na mbegu hazifiki, hapo panda. Nasi tulipanda mkandaa kidogo kwenye ukingo mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Wala kimo si kitu cha milele: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, Mombasa, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, na mikoko iliyokuwa imesimama miaka yote ikafa mahali pake. Ukiwa na mto unaoleta tope, mikoko yako inategemea mashamba yaliyoko kilima kile usichokiona.

Kwa atakayepanda, haya ndiyo ninayojibu nikiulizwa. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya njano pale inapoungana na tunda. Tikisa tawi, inayodondoka ndiyo yako, inayong'ang'ania iache. Sukuma theluthi yake tu kwenye tope, ncha ya mzizi chini, ile iliyokuwa mbali na tunda. Usivae mabuti ya mpira: yanabaki tope linapokunywa mguu. Raba za zamani zilizofungwa kamba vizuri zinafaa zaidi, na usiende peku, makombe yanakata. Panga kazi kwa kupwa, si kwa saa za ofisi. Bamvua huku maji hupwa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo mgeni rasmi akisema atafika saa sita, anakuja kuogelea. Na kama una sauti kwenye mkataba, omba malipo yagawanywe: sehemu ndogo siku ya kupanda, kubwa baada ya mwaka, nyingine baada ya miaka mitatu. Mfadhili akikataa, umeshajua anachonunua.

Mwaka jana alikuja mfadhili mwingine, mwenye fomu. Tulimtembeza nyuma, akaona mchu umefika kifuani, akaona mashimo ya kaa, akala kamba. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kujaza idadi ya miche iliyopandwa na kikundi katika eneo hilo. Tulijadiliana usiku kucha, wengine wakitaka tuhesabu iliyoota yenyewe tuiite yetu. Mwishowe tuliandika sifuri, na chini yake nikaeleza habari ya tuta kwa kurasa mbili. Bado hawajajibu. Lile tuta lina sehemu ya tatu inayohitaji kukatwa, na safari hii tunachangishana.